Leipzig ya Karatasi na Leipzig ya Vidole

Hakuna mji wa Ulaya ulioacha alama katika uimbaji wa Kilimanjaro kama Leipzig, na karibu alama zote hizo zilikuja kwa karatasi. Wamisionari wa Misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893, mwaka uliofuata wakawa Mamba, na mwaka 1896 wakafungua kituo Kidia, Old Moshi, ambako Waingereza wa misioni ya CMS walikuwa wamefungasha virago miaka michache kabla. Pamoja na Biblia walibeba vitabu vya nyimbo vya Kilutheri na mazoea ya kuimba kwa sauti nne. Sasa ni zaidi ya miaka 130. Pita Jumapili Machame, Old Moshi au Marangu: nyimbo za Walutheri wa Ujerumani zinaimbwa kwa Kiswahili kutoka kitabu cha Mwimbieni Bwana, na penye tarumbeta, besi inasikika hadi barabarani.

Karatasi ina upungufu wake. Inataja nota zipi, haisemi zilipigwaje. Mwalimu wa kwaya aliyefunzwa vizuri hugonga meza kwa kalamu, moja, mbili, tatu, nne, na anayechelewa robo ya pigo hukemewa mbele ya wenzake. Anaamini anawakinga waimbaji na uzembe, tena anaamini kwamba hivyo ndivyo Wajerumani walivyotaka. Imani ya kwanza siipingi. Ya pili inaweza kupimwa, kwa sababu wanamuziki waliokuwa Leipzig wakati wamisionari wanafunga mizigo yao walirekodiwa wakipiga piano, na rekodi hizo zipo hadi leo.

Tuanze na Carl Reinecke. Alizaliwa mwaka 1824, Beethoven akiwa bado hai. Aliwajua Mendelssohn na Schumann ana kwa ana. Kuanzia 1860 hadi 1895 aliongoza okestra ya Gewandhaus ya Leipzig, na huku akifundisha katika chuo cha muziki ambacho Mendelssohn alikianzisha mjini humo mwaka 1843. Edvard Grieg wa Norway alipita mikononi mwake. Kwa hiyo, wamisionari wale walipokuwa wanapanda Machame kwa miguu, bwana mkubwa wa muziki katika mji uliowatuma alikuwa Reinecke. Na tarehe 20 Januari 1905, akiwa na miaka 80, aliketi Leipzig mbele ya piano iliyofungwa mtambo wa kampuni ya Welte. Katika wapiga piano wote ambao upigaji wao umehifadhiwa kwa njia yoyote ile, hakuna aliyezaliwa kabla yake.

Mtambo huo, Welte-Mignon, ulibuniwa Freiburg na Edwin Welte na Karl Bockisch, ukatolewa mwaka 1904. Haukunasa sauti hata kidogo. Ulinasa vidole. Kila funguo ilipobonyezwa, iliacha alama kwenye karatasi ndefu iliyokuwa inasogea, na baadaye alama zile zikatobolewa kuwa matundu. Rola ya karatasi ikishawekwa kwenye piano yenye mtambo wa upepo, hewa hupita katika matundu na kuzisukuma nyundo zipige nyuzi. Unachosikia ni piano halisi, inayolia sasa hivi chumbani, ikiongozwa na mtu aliyekufa mwaka 1910.

Moja ya rola za Reinecke ni Larghetto, sehemu ya polepole ya konseto ya Mozart iitwayo ya Kutawazwa, ambayo yeye mwenyewe aliipangia piano peke yake. Msomaji ataniambia Mozart si mtu wa karne ya 19. Ni kweli, ila mkono unaopiga ni wa karne hiyo, na hapa kuna bahati ambayo wachunguzi hawaipati mara nyingi: mpangilio huo aliuchapisha. Tuna karatasi aliyoiandika na tuna vidole vyake vikiisoma karatasi hiyohiyo. Neal Peres Da Costa, mpiga piano na mtafiti wa Australia, aliviweka viwili hivi bega kwa bega katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu upigaji wa piano wa enzi hiyo, na matokeo yake yanawatia kiwewe walimu wengi.

Reinecke hafuati alichoandika. Nota zilizorundikwa pamoja kwenye karatasi, zipigwe kwa pigo moja, yeye huzimwaga moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, tena si mara mojamoja bali karibu kila mahali. Mkono wa kushoto unatangulia, wa kulia unafuata kwa kuchelewa kidogo, hivi kwamba sauti ya juu inakuja peke yake, imejitenga na kundi. Nota mbili zenye urefu sawa kwenye karatasi, moja anairefusha na nyingine anaikata. Mwendo nao haukai mahali pamoja; sentensi ya muziki ikipanda unakaza, ikishuka unalegea. Mwanafunzi wa leo akipiga hivyo kwenye mtihani, msahihishaji ataandika kwamba mikono haijakaa pamoja. Na huyu alikuwa mkurugenzi wa chuo, tena mwenye sifa ya kuwa mhafidhina kuliko wenzake.

Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, hasa akiwa mzee. Huenda ni mikono iliyochoka? Ndiyo maana inafaa kuwaita mashahidi wengine. Theodor Leschetizky, mwalimu maarufu wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1830, aliipigia Welte nokturni ya Chopin mwaka 1906, na mikono yake inaachana kuliko ya Reinecke. Fanny Davies, Mwingereza, alisoma kwa Reinecke Leipzig kabla ya kwenda Frankfurt kwa Clara Schumann, mke wa Robert na mzaliwa wa Leipzig. Mwaka 1929 Davies alirekodi kwenye santuri vipande vya Schumann vya Picha za Utotoni, na kwa masikio yangu hiyo ndiyo rekodi ya kuanzia kwa asiyependa makelele: anajizuia, hana mbwembwe, lakini nota zake bado zinapumua mahali ambapo karatasi haikuweka pumzi. Grieg alirekodiwa kwa njia zote mbili. Mei 1903 alipiga vipande vyake mjini Paris mbele ya pembe ya gramafoni, na Aprili 1906 akapiga Leipzig kwenye mtambo wa Welte.

Njia zote mbili zina ugonjwa. Rola inaeleza vizuri lini kila nota ilianza na lini iliisha, lakini nguvu ya mguso ilibidi ikadiriwe, na ukiizungusha kwa kasi isiyo yake mwendo wote unaharibika. Piano inayoisoma isiporekebishwa na fundi anayejua kazi, Reinecke anageuka kilema. Santuri za zamani zina kasoro nyingine kabisa: sauti ni ya kweli, ila imezama ndani ya mkwaruzo wa sindano, na upande mmoja haukuzidi dakika tatu au nne. Kwa kuwa magonjwa hayo hayafanani, tabia ikitokea kwenye rola na ikatokea tena kwenye santuri haiwezi kuwa kosa la mashine. Ni ya mpigaji. Mwaka 2010 Sigurd Slåttebrekk, mpiga piano wa Norway, alitoa albamu ambamo alizifuata santuri za Grieg za 1903 pumzi kwa pumzi, kwenye piano ya Grieg mwenyewe nyumbani kwake Troldhaugen, ili ajue kwa vidole vyake uhuru ule ulifanya kazi vipi. Alikuta una adabu zake. Hauchezi ovyo, kila kuharakisha kuna mahali pa kulipia.

Rekodi kongwe zaidi ya jina kubwa ni ya Brahms, Vienna, tarehe 2 Desemba 1889, kwenye silinda ya nta ya Edison. Nta imechakaa mno na kinachosikika ni mabaki ya Dansi yake ya Kihungaria namba moja, kama mtu anapiga piano nyumba ya tatu wakati mvua inanyesha juu ya bati. Haifundishi sana. Naitaja kwa sababu ya tarehe. Siku 57 kabla ya hapo, tarehe 6 Oktoba, Hans Meyer, mtoto wa familia ya wachapishaji vitabu wa Leipzig, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, Kilimanjaro. Mlima ulipimwa na Brahms akarekodiwa katika majira yaleyale ya Wazungu kutaka kukihifadhi kila kitu duniani kwa vyombo vyao.

Tamaa hiyo haikuishia kwa Brahms. Karl Weule wa makumbusho ya mila za watu ya Leipzig alifika kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906, akazunguka Lindi, Masasi na uwanda wa Newala na fonografu yake, akiwaimbisha watu mbele ya pembe. Mwaka huohuo Grieg alikuwa Leipzig kwenye mtambo wa Welte. Mji mmoja, mwaka mmoja, rekodi za aina mbili: mpiga piano alipewa chumba kizuri na karatasi iliyotosha kipande kizima, mwimbaji wa kusini alipewa silinda ya dakika chache, na ngoma ya usiku kucha ikalazimika kuingia humo. Watafiti wa Ulaya wakasikiliza silinda kama hizo na kuandika nota. Mmoja wao, Erich von Hornbostel, alichapisha mwaka 1909 uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizorekodiwa hapa. Alikuwa mtoto wa Vienna, aliyefunzwa kanuni za muziki na Eusebius Mandyczewski, rafiki wa karibu wa Brahms. Hazina ya rekodi ya Berlin aliyoisimamia, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Jambo linalonichekesha kidogo ni hili: kwa nyimbo za Kiafrika, wasomi walijua tangu mwanzo kwamba nota za karatasi hazitoshi, lazima usikilize silinda. Kwa Schumann na Mendelssohn ilichukua karibu karne nzima kukubali jambo hilohilo.

Turudi mlimani. Kwa nini Leipzig ya vidole haikupanda Kilimanjaro pamoja na Leipzig ya karatasi? Sababu ya kwanza ni uzito. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo kila kitu kilibebwa kichwani na wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Piano ya kusimama huweza kuzidi kilo 200, na fremu yake ya chuma haigawanyiki. Vitabu vinagawanyika. Tarumbeta inaning'inizwa begani. Kinanda kidogo cha kukanyaga kinakunjwa. Hata reli ilipofika, bado ilibaki kuipandisha piano kutoka stesheni hadi vijiji vya juu, kisha kumpata wa kuzikaza nyuzi zaidi ya 200 kila msimu unapobadilika, kisha kupigana na unyevu wa masika. Misioni ilihitaji muziki ambao watu 300 wanaufanya kwa pamoja bila kununua kitu. Kwaya ilikuwa jibu la busara, na sioni sababu ya kulilaumu.

Mizigo ya kwenda chini, hata hivyo, ilikuwa na piano ndani yake. Rindi, mangi wa Moshi ambaye wageni walimwita Mandara, alifanya biashara na misafara ya Waswahili iliyotoka Pangani na Mombasa, na bidhaa kuu ilikuwa pembe za ndovu, nyuma yake watumwa. Pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopendwa na watengeneza funguo za piano, kwa kuwa inakatwa nyembamba bila kupasuka na haitelezi chini ya kidole chenye jasho. Kutoka Unguja ilikwenda London, Hamburg na Connecticut, Marekani, ambako mji mzima uliitwa Ivoryton kwa kazi hiyo. Mwaka 1898 miteremko ya Kilimanjaro ilitoa jozi ya pembe nzito kuliko zote zinazojulikana, karibu kilo 200 kwa pamoja. Hizo ziliponea makumbusho na sasa ziko London. Nyingine hazikupona. Zilikatwa kuwa vigae vyembamba na kugundishwa juu ya funguo 52 nyeupe, piano baada ya piano, katika karne ambayo kila familia ya Ulaya yenye uwezo ilitaka binti yake apige Mendelssohn. Uchagga ulichangia piano kwa njia ambayo hakuna aliyeuomba, na ukarudishiwa nyimbo.

Na nyimbo zile hazikuwa mbali na piano kama tunavyodhani. Mwaka 1848 Misioni ilihamia Leipzig kutoka Dresden. Mwaka huohuo, Dresden, Schumann aliandika kitabu cha vipande vya piano kwa ajili ya watoto, na kipande cha nne kinaitwa Korale: ni wimbo wa zamani wa Kilutheri, sauti nne, nota chache, hakuna hata pambo moja. Ukimpa mwimbaji yeyote wa besi kutoka Old Moshi karatasi ile ataisoma papo hapo, kwa kuwa ni karatasi ya namna anayoishika kila Jumapili. Mtoto wa nyumba ya kisomi huko Ujerumani aliicheza korale hiyo asubuhi, akafika ukurasa wa mbele na kucheza kipande cha majonzi, vidole vilevile, pumzi ileile. Kwao ukuta kati ya wimbo wa kanisani na kipande cha sebuleni ulikuwa mwembamba. Ulipofika kwetu upande mmoja tu, tukadhani muziki wao wote ulisimama wima kama askari.

Ninasema tukadhani, lakini sina hakika kama wote tulidhani. Wazee hawakudhani. Katika ibada ya asubuhi, ile ya kwanza, isiyo na vijana wengi, nyimbo zinavutwa. Mwisho wa kila mstari kuna kituo ambacho hakimo kwenye kitabu. Sauti za kina mama zinafika kwenye nota kwa kuteleza, kila mmoja kwa wakati wake, na besi inatangulia. Mpiga kinanda kijana, mwenye kinanda cha umeme chenye ngoma ya kujipiga yenyewe, huteseka. Ngoma imeshafika mstari wa tatu, waumini bado wako wa pili. Anawaona wakongwe hawajui kwenda na wakati. Lakini kutua mwishoni mwa kila mstari ilikuwa desturi iliyoenea ya makanisa ya Ujerumani katika karne ya 19, hadi wapenda mageuzi wa huko wakapigana nayo. Na kuachana kidogo kwa sauti, juu ikichelewa na chini ikitangulia, ndiko hasa kunakosikika kwenye rola za 1905.

Sitaki kulifanya jambo hili kuwa rahisi kuliko lilivyo. Uimbaji wa Kichagga ulikuwa na mwendo wake kabla ya Mjerumani yeyote, na kuteleza kwa sauti si mali ya Leipzig. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa vipindi kati ya 1902 na 1938, alikusanya mafundisho ya jando na unyago wa Wachagga katika majuzuu matatu yaliyochapishwa 1932, 1935 na 1938. Ni kazi kubwa mno, yenye nyimbo ndani yake, lakini ni maneno tu. Wimbo uliokuwa na mwendo umebaki na mashairi. Nikipima hasara, hii naiona kubwa kuliko kutopata piano, kwa sababu piano ya Leipzig angalau ilirekodiwa Leipzig. Baadaye Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha chuo cha Kilutheri cha Makumira tangu miaka ya 1960, alikusanya nyimbo za ibada zenye tuni za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu, akisaidiwa na wanafunzi wake. Hilo lilifungua mlango mwingine, lakini nalo lilipita kwenye karatasi, na sasa nyimbo zile nazo zinafundishwa kwa kugonga meza.

Kwa hiyo mabishano ya mazoezini kati ya mwalimu mwenye kalamu na bibi mwenye kuvuta hayawezi kuamuliwa kwa kusema kitabu kinasemaje. Kitabu hakikuwahi kuwa hakimu hata kwa walioandika vitabu. Reinecke aliandika kimoja na kupiga kingine, mbele ya mashine, akijua kwamba vizazi vitasikia, na hakuona aibu. Mwalimu anaweza bado kutaka kwaya yake iende sawasawa. Kwaya ya vijana 60 kwenye mashindano ina mahitaji yake, na majaji wana karatasi zao. Asichoweza ni kudai kwamba anarudisha asili.

Uchunguzi wenyewe si wa gharama. Rola za Reinecke, santuri za Grieg na za Fanny Davies zinapatikana mtandaoni, na mwalimu yeyote mwenye simu anaweza kuzisikiliza akiwa kwenye daladala ya kwenda Kidia. Upande wa pili wa ulinganisho ndio haujafanywa ipasavyo, yaani waimbaji wa umri wa miaka 80 na kuendelea, waliofundishwa nyimbo na watu waliofundishwa na wamisionari wenyewe. Kwaya za Moshi zinarekodi albamu kila mwaka, ila studio huchukua vijana, hupanga mwendo kwa mashine na kusafisha kila mchelewo. Kinachotakiwa ni kinyume chake: ibada ya kwanza, kinanda cha umeme kizimwe, na simu iwekwe katikati ya kina mama wa benchi la tatu, mbali na spika.